Gambuti Nyeupe Nilizowawekea Wageni

Mwaka wa 1972 nilikuwa na miaka tisa, baba akafa, na hapo shida ikaanza. Nasema hivyo kwanza ujue nimetoka wapi, si unihurumie. Kosa langu ni hili: nilichoma miguu ya mama wa watu kwa kiburi, halafu nikadanganya serikali kwamba ni yeye mwenye makosa. Mguu mmoja ukakatwa. Naandika kwa mkono wangu, na shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nivumilie.

Kwetu upande wa Murang'a tulikuwa tunachuma kahawa ya watu. Viatu sikuvaa mpaka nikawa kijana wa kuoa. Funza ziliingia kila kidole, mama anazitoa na pini, mimi naangalia kando. Baadaye nikaja kuvunja mawe kwa machimbo, miguu tupu, na kwa hayo mawe nikanunua kipande changu cha kwanza Kitengela, wakati huku kulikuwa nyasi na swara tu. Watu walinicheka wakisema nimenunua upepo.

Zabibu nilijifunza kwa mzungu mmoja niliyemfanyia kazi miaka sita. Aliporudi kwao nikabeba vijiti vya kupanda, nikachimba kisima, nikaanza. Kanisani wakanisema kwa sababu ya waini. Nikaendelea kupanda. Leo waini yangu inanyweka kwa hoteli ambazo mimi nikifika askari wa mlango ananiuliza nimekuja kuona nani.

Hiyo ndiyo shida ya mtu aliyejitoa chini mwenyewe. Anafikiri kila kitu kilichomuumiza kilimfaa, na kwa hivyo kitafaa wengine.

Sasa niongee juu ya miguu.

Watu wanafikiri kazi ya waini ni kukaa na glasi. Kazi ya waini ni maji. Tukivuna, na miezi inayofuata, sakafu haikauki. Unakanyaga maji, juisi, makapi ya zabibu, umesimama kwa simiti kutoka asubuhi mpaka jioni. Ile juisi ni kali, inakula katikati ya vidole mpaka panakuwa peupe na panapasuka. Sakafu inateleza. Pipa likibingirika halina macho.

Halafu kuna kuosha tangi. Waini ikikaa ndani inaacha magamba ukutani, magumu kama chumvi ya mawe, na sabuni haiyatoi. Yanatoka kwa kostiki ya moto. Wafanyakazi wangu wanaiita magadi kali. Ikishika ngozi yako husikii moto mara moja. Unasikia utelezi, kama umeshika sabuni. Huo utelezi ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayoyeyuka.

Hiyo yote nilijua. Yule mzungu alitufundisha, na alitupatia gambuti, hivi viatu virefu vya mpira, kila mtu zake.

Kwangu gambuti zilikuwa stoo. Jozi kumi na mbili, nyeupe, zimening'inia kwa misumari, ufunguo kwa mfuko wangu. Zilikuwa za wageni. Watu wa hoteli wakija kununua, watalii wakija Jumamosi kuonja, nawapa wavae wasichafuke viatu. Siku ya mkaguzi, au siku ya wageni wakubwa, wafanyakazi ndio wanavaa. Zinatolewa, zinavaliwa, wageni wakienda zinaoshwa, zinapanguswa, zinarudi msumarini.

Siku zingine zote watu walifanya kazi na akala, hizi ndara za tairi, wengine na soksi ndani kwa sababu ya baridi ya simiti.

Nilikuwa na maneno yangu ya kujitetea. Nilisema ukimpa mtu gambuti Jumatatu, Ijumaa utaikuta soko ya Kitengela. Nilisema mguu ni ngozi, na ngozi ikizoea inakomaa. Kuna siku nilivua viatu mbele yao wote nikapiga unyayo wangu na kijiko cha chai usikike unavyolia. Walicheka. Nilifikiri wananiheshimu.

Huyo mama nitamwita Ng'oto Sein, mama ya Sein, ingawa mtoto wake haitwi hivyo. Ni Mmasai wa upande wa Isinya. Ukame uliwamalizia ng'ombe, bwana yake akaugua akafa, akaja kwangu kutafuta kazi. Alikaa miaka tisa. Ni mama wa kanisa, kiongozi wa akina mama, na hajawahi kuonja waini yangu hata tone. Lakini alikuwa na pua. Mimi nikisha kuonja mara tatu bado nabishana na moyo, yeye anainama juu ya pipa, ananusa mara moja, anasema, "Mzee, hii inaenda kuwa siki." Na inaenda.

Ilikuwa Alhamisi. Mchana walikuwa wanakuja wanunuzi wa hoteli moja kubwa, na nilitaka wakute tangi la mbele linang'aa. Asubuhi nikamkuta amesimama kwa mlango wa stoo.

"Takwenya, Ng'oto Sein," nikamsalimu Kimasai.

"Iko," akaitikia. "Mzee, leo nipatie zile nyeupe."

"Wageni bado."

"Najua bado. Nazitaka kabla ya wageni. Mutua amekoroga magadi kali ya kutoa roho." Mutua alikuwa msimamizi wangu. "Na miguu yangu siku hizi siisikii vizuri. Juzi msumari uliingia nikauona jioni nikivua akala."

Hayo maneno aliniambia kwa uso wangu. Siisikii vizuri. Mtu akikuambia ng'ombe wako hasikii mguu, utaita daktari siku hiyo hiyo. Mimi nilisema kwa sauti, wengine wasikie:

"Mmasai anaomba viatu vya mpira? Babu yako alikuwa anafukuza simba na nini?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akanirudishia:

"Babu yangu hakuwa anaosha tangi ya Mkikuyu."

Wakacheka zaidi. Mutua alicheka mpaka akashika ukuta. Na hapo, nakuambia ukweli wangu, hapo ndipo nilikataa. Labda ningefungua ile stoo. Mkono ulikuwa tayari kwa mfuko. Lakini walinicheka kwa kiwanda changu, na nikaona nikifungua sasa nitakuwa nimeshindwa na mfanyakazi.

Nikamwambia, "Basi enda ukaoshe hiyo ya Mkikuyu."

Kama saa nne mpira ukachomoka kwa pampu. Nilisikia kelele nikakimbia. Kostiki ilikuwa imemwagika sakafuni, inafuka moshi, na Ng'oto Sein amesimama katikati na akala zake na soksi za sufu, anajimwagia maji na ndoo.

"Ni kidogo, mzee," akasema. "Sisikii kitu."

Mutua alikuwa ameacha kucheka. "Hii haitaki ndoo moja. Inataka maji yatiririke muda mrefu, na soksi zitoke. Halafu tumpeleke kliniki, gari iko."

Niliangalia saa. Nilikuwa nahitaji sakafu ioshwe, tangi limalizwe, watu wabadilishe nguo. Na nilikuwa namhitaji huyo mama hasa, kwa sababu wageni walimpenda. Alikuwa anavaa shanga zake, anawaambia kwa pua tu kila pipa liko na nini, wanashangaa, wananunua.

Nikasema, "Amesema hasikii kitu. Kliniki ataenda wageni wakitoka."

Akaendelea na kazi. Soksi zimeloa, na magadi kali ndani ya soksi.

Mchana wageni wakafika mapema. Askari akapiga simu kwamba gari liko getini. Nikafungua stoo mwenyewe, nikawagawia gambuti mbio mbio. Ng'oto Sein alikaa kwa kreti akaanza kuvua soksi.

"Wacha soksi," nikamwambia. "Hakuna wakati. Vaa hivyo hivyo."

"Mzee, zimeloa."

"Nani ataona ndani? Vaa."

Akavaa. Aliziomba asubuhi zimkinge, nikamnyima. Mchana nikampa zimfunikie moto ndani.

Alisimama na wageni karibu masaa matatu. Alinusa mapipa, alitania, alijibu maswali. Mara moja nilimwona ameshika ukuta. Nilimtolea macho akauachilia. Mwisho mgeni mmoja akataka picha ya wafanyakazi wote, wakapangwa mstari, nyuma tangi linang'aa, chini gambuti nyeupe. Yeye yuko katikati. Anacheka.

Gari lilipotoka akakaa chini palepale. Gambuti ya kushoto ilitoka kwa kuvutwa polepole. Ya kulia ilikataa. Mutua akachukua kisu akaipasua kutoka juu mpaka chini. Kilichokuja na soksi sitakiandika.

Lakini nitaandika nilichofikiria, kwa sababu nimekuja kuungama na si kujipaka mafuta. Mama wa watu amelala kwa simiti, na kitu cha kwanza kilichoingia kichwani mwangu ni kwamba sasa gambuti zimebaki jozi kumi na moja.

Hospitalini walipima wakapata ana sukari, imekaa naye muda bila kujua. Ndiyo maana alikuwa hasikii miguu. Daktari akatuambia mtu wa sukari hata kidonda kidogo ni vita. Hiki hakikuwa kidogo. Wa kushoto ulipona na makovu. Wa kulia walijaribu wiki nyingi, wakakata nyama hapa, wakakata kidole, mwishowe wakakata chini ya goti.

Mimi nikashika hiyo sukari kama mtu aliyepata kamba kisimani. Kila aliyeniuliza nilimwambia, "Ni sukari ilimkata mguu." Nilimwambia hata mke wangu, Mama Wairimu, tukiwa mezani.

Mama Wairimu hapendi maneno mengi. Aliweka kijiko chini akaniuliza, "Sukari ndiyo ilimwambia asivue soksi?"

Nikaacha chakula.

Halafu akaja afisa wa leba, wa serikali. Kijana mpole, na faili. Akauliza kama wafanyakazi wanapewa vifaa vya kujikinga. Nikampeleka stoo, akaona gambuti zimepangwa. Nikamtolea ile picha, mgeni alikuwa amenitumia. Nikaweka kidole hapo katikati.

"Huyu hapa. Siku hiyo hiyo. Unaona amevaa?"

Akaona.

"Sasa hiyo kostiki ilipita wapi?"

Ningesema sijui. Nikasema, "Nadhani alizivua mwenyewe. Na hii ni kiwanda cha waini, kijana yangu. Kazi ya waini unaijua."

Nilisema hivyo tu. Sikutaja kulewa. Niliacha maneno yajitembeze yenyewe, na yakatembea. Faili ikaandikwa kwamba mfanyakazi alijiumiza kwa uzembe wake, haki yake ya fidia ikakwama. Mutua alikuwa amesimama nyuma yangu akiangalia viatu vyake. Mwisho wa mwezi aliacha kazi bila kuniaga.

Kufikia mwezi uliofuata Kitengela nzima ilikuwa inasema yule mama alianguka kwa kostiki amelewa. Ikafika kanisani kwake. Wakamwambia apumzike kuongoza akina mama mpaka mambo yaeleweke. Mama ambaye waini yangu aliijua kwa pua peke yake. Mguu ulimtoka kwa sababu ya kiburi changu, na jina likamtoka kwa sababu ya ulimi wangu.

Nilikaa na hiyo miezi tisa. Usifikiri nilikuwa nalia. Nilikuwa nauza waini. Lakini mapipa mawili yaligeuka siki bila mtu wa kuniambia mapema, na kila nikimwaga najua pua ya nani haiko. Mke wangu alikuwa ananipakulia halafu anaenda kula na wajukuu jikoni.

Siku moja nikajisukuma nikaenda kwa Ng'oto Sein. Si unajua desturi, huendi kwa mtu mkono mtupu. Nikabeba unga, majani chai, na sukari kilo nne.

Alikuwa amekaa nje kwa kiti cha plastiki, magongo yake mawili ya kutembelea kando. Aliangalia hiyo sukari, akaniangalia.

"Mzee, umekuja kumalizia huu mwingine?"

Sikujua nitaiweka wapi. Nikasimama nayo kama mwizi.

"Keti," akasema. "Atakunywa jirani."

Nikaketi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nikamwambia nimekosa, kwamba nilimnyima gambuti, kwamba nilimkataza kuvua soksi, kwamba nilimdanganya afisa. Nikamwambia kila usiku yananirudia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akauliza swali moja.

"Wale wengine leo wamevaa nini?"

Asubuhi hiyo nilikuwa nimewaacha wanaosha mapipa na akala. Gambuti zilikuwa msumarini. Ufunguo ulikuwa mfukoni, nimekalia juu yake.

"Basi hujakuja kuomba msamaha," akasema. "Umekuja upunguze usingizi mbaya. Rudi kwanza kwa hao. Halafu uje."

Nimekemewa na watu wengi maishani, wengine na kiboko. Hakuna mwingine aliyewahi kunikemea nikaona ni haki kabisa.

Nilirudi nikafungua stoo, nikasema kila mtu achukue. Unajua nini ilitokea? Hazikuwatosha. Zilikuwa zote saizi moja, kubwa, nilizonunua kwa miguu ya wageni wanaume. Miaka hiyo yote siku za mkaguzi akina mama walikuwa wanatembea wameshindilia matambara ndani, na mimi sijawahi kuuliza.

Nikachukua katoni za waini nikazipasua, nikatafuta kalamu ya mkaa. Nikawaambia wakae kwa benchi wavue, nipime miguu nikanunue saizi. Nikapiga magoti kuchora. Mtu wa miaka yangu, mbele ya watu ninaowalipa. Magoti yalilia.

Sasa ndio nikaona miguu ya watu wangu. Mmoja katikati ya vidole pameoza, ananuka, anaona aibu kufungua vidole. Mwingine kucha mbili zimekufa, pipa lilimpitia, hakusema. Visigino vimepasuka mpaka damu. Mama mmoja mishipa ya miguu imesimama kama minyoo chini ya ngozi kwa sababu ya kusimama. Nilipomaliza kuchora wa tisa nikatoka nje nikasema upepo umeniingia machoni.

Hakuna hata mguu mmoja uliokuwa umekomaa kwa kuzoea. Yote ilikuwa migonjwa.

Nikanunua. Nikamleta muuguzi akawaangalia mmoja mmoja, akawapima na sukari, wawili wakapatikana nayo. Wale tukawawahi.

Halafu nikaenda leba kwa yule kijana. Nikamwambia ile picha ni ya kweli lakini mimi ni mwongo. Nikaeleza yote, akaandika upya, nikaweka sahihi yangu, ambayo ni jina tu nimeandika polepole. Nilipigwa faini, na ni sawa. Ng'oto Sein akapewa haki yake ya mguu.

Jumapili nikaomba mchungaji wake dakika tano. Kanisa si langu, lilikuwa limejaa. Nikasema mama huyu hajawahi kuonja waini, na siku hiyo alikuwa na akili timamu kuliko mimi. Aliomba viatu, nikamnyima, nikamchoma, nikamsingizia. Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na singetaka.

Nje Ng'oto Sein akanikuta kwa ngazi, na mguu wake wa kutengenezwa. Nilitegemea aseme amenisamehe. Ukweli nilikuwa nimeshaandaa uso wa kupokea.

"Umesema vizuri, mzee," akasema. "Lakini mguu bado haupo."

"Najua."

"Basi ujue hivyo kila siku." Akaenda kwa akina mama wenzake, walikuwa wanamngoja.

Wewe unayesoma, na uko na watu wanaokufanyia kazi, iwe waini, iwe maua, iwe kichinjio, iwe machimbo, usiniige. Kifaa cha kujikinga si pambo la mkaguzi. Usikifungie. Na kama kemikali imemmwagikia mtu, vua kila kitu kilicholoa kwanza, maji yatiririke, peleka hospitali, wageni wangoje hata kama ni mfalme. Mtu akikuambia hasikii mguu, mpeleke apimwe siku hiyo. Na wewe mfanyakazi, usicheke bosi wako akikutania juu ya mwili wako. Mimi walinichekea miaka mingi, nikadhani niko sawa.

Leo niko na ekari kumi na mbili Kitengela, tano ziko na zabibu. Niko na kisima, na tangi sita. Niko na nyumba ya mawe, lori moja, ng'ombe saba. Niko na mke mmoja, ameanza kula na mimi tena. Niko na wafanyakazi kumi na mmoja, kila mmoja jozi mbili za gambuti za saizi yake, moja ivaliwe nyingine ikauke. Na kwa ofisi ya leba niko na karatasi moja, iko na jina langu na sahihi yangu, inasema ule mguu niliutoa mimi.